Kutulia chini ya miti ya Nairobi msimu wa vuli

SWALI

"Naishi Umoja na watoto wangu wawili. Tangu Julai kazi imekuwa ya kubahatisha, kodi inanisumbua, na kila nikifungua simu ni habari mbaya juu ya habari mbaya. Usiku naamka saa tisa na usingizi haurudi. Mtandaoni naona watu wa Ulaya na Marekani wakitembea kwenye majani mekundu na ya manjano, wanasema wamepata amani. Sisi hatuna msimu huo. Mwezi uliopita nilijilazimisha kwenda msitu wa Karura, nikatembea karibu saa mbili, nikatoka na mawazo yaleyale niliyoingia nayo, tena nimechoka na nauli imekwisha. Je, hili jambo la kutulia kwa kwenda kwenye miti ni la kweli, au ni la wenye nafasi? Na kama ni la kweli, nilikosea wapi?"

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa mzigo huo. Jambo lenyewe ni la kweli, lina mipaka yake, na halihitaji pesa nyingi. Kule Karura ulitembea kwa mwendo wa mtu anayewahi mahali, ukangoja utulivu uje wenyewe. Miguu ilikuwa na kazi, lakini akili hukuipa kazi yoyote, kwa hiyo iliendelea na ile iliyokuwa nayo tangu nyumbani: kodi, kibarua, watoto. Kuwa karibu na miti peke yake hakutoshi. Mti unaipa akili kitu chepesi cha kushika, lakini akili yenyewe ndiyo inayopaswa kukishika, na hilo hujengeka kwa kurudi mara kwa mara mahali pamoja kuliko kwa safari moja ndefu.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilinganisha watu waliotembea dakika 90 penye nyasi na miti na wengine waliotembea muda huohuo kando ya barabara kubwa yenye magari. Wale wa kwanza walipunguza tabia ya kulirudiarudia wazo moja baya kichwani. Wa barabarani hawakupata nafuu hiyo. Mwaka 2019 ukatoka uchunguzi wa karibu watu 20,000 nchini Uingereza: waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za safari moja au zimegawanywa vipande. Kweli, uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo sababu, kwani huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini dakika 120 ni kipimo kizuri cha kupangia wiki, na kwako zinaweza kugawanywa hivi: dakika 10 mara nne katikati ya wiki, karibu na nyumbani, kisha dakika 80 Jumapili.

Kuhusu msimu, usijione umenyimwa kitu. Kule kaskazini, kuanzia Septemba siku hufupika haraka. Mti unapopata mwanga kidogo huanza kuvunja klorofili iliyo kwenye majani, kijani kinaondoka, na manjano iliyokuwa imefunikwa inaonekana. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni dakika chache. Miti yetu haina haja ya kufuata mwanga. Inafuata maji. Ndiyo maana huku majani hayapukutiki yote kwa pamoja. Mjakaranda, ambao asili yake ni Amerika Kusini, hupoteza majani yake katika ukavu unaofuata kipupwe, kisha huchanua ukiwa karibu uchi, kati ya Septemba na Novemba. Mvua za vuli, yaani mvua fupi za mwisho wa mwaka, zikianza Oktoba, majani mapya hutoka huku maua yakianguka chini. Kwenye tawi moja unaona kitu kinachokwisha na kitu kinachoanza, na kwa mtu anayepita katika kipindi kigumu huo ni msimu mzuri wa kuutazama.

Hata jani la rangi ya machungwa lipo ukilitafuta. Mti ambao Wakikuyu huuita mutundu, jamaa wa mukinduri, hugeuza jani lake kuwa la machungwa likizeeka, kabla halijadondoka. Majani yake huzeeka kwa zamu, kwa hiyo utaona mti wa kijani wenye majani machache yanayowaka hapa na pale. Mukinduri wenyewe, ulio mwingi sana Nairobi, una jani la kijani juu na la rangi ya fedha chini. Upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi kwa sekunde chache.

Na vuli ya Ulaya yenyewe, ule msimu wa majani mekundu, hufika hapa, kwa njia ya ndege. Kuanzia Septemba na Oktoba baridi ikianza kule, mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya hushuka Afrika, na wengi hupita au hukaa Kenya hadi Machi au Aprili. Yupo pia kijindege mmoja wa rangi ya majani makavu, asiye na madoido yoyote, mwenye uzito wa karibu gramu 10, anayetafuta wadudu kwenye mikaratusi na migunga ya jijini baada ya kuvuka bahari na jangwa la Sahara. Ukiwa Umoja, tazama nyaya za umeme na anga juu ya uwanja wa shule jioni baada ya mvua. Mbayuwayu huruka chini, wakigeuka ghafla kufuata wadudu. Kuwatazama hakudai nauli.

Basi tuanze na dakika kumi za katikati ya wiki, kwa sababu hizo ndizo zitakazofanya Jumapili ifanye kazi.

Chagua mti mmoja. Uwe umbali usiozidi dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni, au njiani unapopita kila siku kwenda steji. Mtaani Eastlands miti mikubwa ni michache, lakini mara nyingi iko kwenye uzio wa shule, uwanja wa kanisa au msikiti, zahanati, au kati ya nyumba za zamani. Ukiupata ndani ya ua, muombe mlinzi au mzee wa kanisa ruhusa ya kukaa hapo dakika kumi. Ukisema wazi unataka kupumzika kidogo chini ya mti, wengi hawatakukatalia. Usichague mti ulio mahali pasipo na watu. Huwezi kutulia huku unaangalia nyuma.

Mti mzuri kwa kazi hii ni ule unaobadilika: mjakaranda, mparachichi, mukinduri, mwembe ukiwapo. Msonobari hauonyeshi mabadiliko mengi kwa wiki. Wakati unaofaa ni asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu. Mwanzoni mwa Novemba ndipo jua la Nairobi huchomoza mapema zaidi mwaka mzima, yapata saa kumi na mbili na dakika kumi. Mwanga wa asubuhi machoni husaidia saa ya mwili kujipanga, na hilo lina faida moja kwa moja kwa usingizi wako. Kama asubuhi ni ya kuwaandaa watoto, chukua saa kumi na moja jioni, mvua ikiruhusu.

Ukifika, dakika mbili za kwanza usifanye chochote ila kusimama au kukaa. Dakika tano zinazofuata, tazama kitu kimoja tu, kwa karibu. Tuseme ni ua la mjakaranda lililoanguka. Liokote. Lina urefu wa karibu sentimita nne au tano, umbo lake ni mrija uliopinda kidogo, mdomo wake umegawanyika sehemu tano zisizolingana. Ndani, kwenye sakafu ya mrija, kuna kijiti kimoja chenye manyoya meupe, kimeshinda vingine kwa urefu. Rangi si moja: karibu na mdomo imekolea, ndani inafifia hadi karibu nyeupe. Limeanguka zima, halijanyauka. Ndiyo maana barabara hubaki ya zambarau kwa muda badala ya kugeuka kahawia papo hapo. Halafu tazama juu utafute vibweta vyake, vile vya mbao, bapa, vya mviringo, vya mwaka uliopita. Kimoja kikifunguka, mbegu zilizomo ni nyembamba kama karatasi, kila moja na utando wa kupepea. Ukifika hapo, dakika tano zimekwisha, na kwa muda huo kodi haikuwa na pa kukaa.

Wazo litakuja tu. Likija, usilifukuze wala usijilaumu. Litaje kwa neno moja kimoyomoyo, "kodi" au "kazi", kisha rudisha macho kwenye ua. Litarudi mara ishirini, na mara ishirini utarudisha macho. Huko kurudisha ndiko mazoezi yenyewe. Wengi huacha hapa kwa kudhani wameshindwa kwa sababu mawazo hayakukatika, kumbe hakuna anayekatikiwa na mawazo.

Dakika tatu za mwisho, andika mistari mitatu kwenye daftari dogo la shule: tarehe, kitu kimoja kilichobadilika tangu mara ya mwisho, na kitu kimoja kilichobaki vilevile. Usiandike hisia zako, andika mti. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakuonyesha mambo ambayo jicho la haraka halioni: chipukizi lililokuwa la ukubwa wa punje ya mchele limekuwa jani, tawi fulani halijachipua, chungu wamehamia upande mwingine wa shina.

Jumapili sasa. Huhitaji kurudi Karura kama nauli ni tatizo. City Park, Parklands, haina ada ya kuingia, na matatu zinazopanda Limuru Road zinapita hapo. Kuna kipande cha msitu wa asili, kima wengi, na makaburi ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na Pio Gama Pinto karibu naye. Michuki Park, kando ya Mto Nairobi karibu na katikati ya jiji, nayo ni ya bure. Ni ndogo, na kelele za magari haziko mbali, lakini mahali palipokuwa jaa na karakana za magari pamekuwa na miti na njia za kutembea. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za injini za reli, ina ada ndogo na miti ya aina mamia. Kwa mtu anayeanza, naipendekeza kuliko zote, maana ukubwa wake wa kama hekta 30 hauchoshi, kuna watu wa kutosha Jumapili asubuhi, na mijakaranda iko njiani unapofika.

Karura ni pakubwa, zaidi ya hekta 1,000, na ukubwa huo ndio uliokuchosha. Ukirudi, usiyafuate maporomoko, mapango na ziwa kwa siku moja. Chagua kijia kimoja kutoka langoni, tembea dakika 25, rudi. Njia panda zimewekwa vibao vya namba. Andika namba ya kila unapokata kona, na hutapotea. Na ukiwa humo kumbuka kwamba msitu huo ulipimwa viwanja ili wagawiwe watu binafsi, na Wangari Maathai na wenzake waliupigania hata wakapigwa mbele ya lango lake Januari 1999. Miaka kumi kabla yake alizuia jengo la ghorofa 60 lisiote Uhuru Park. Tunayo mahali pa kukaa chini ya kivuli leo kwa sababu kuna watu waliokataa kunyamaza nyakati zilizokuwa mbaya kuliko hizi. Hilo nalo linanipa mimi nguvu kila ninapolifikiria, na natumaini nawe litakupa.

Zile dakika 80 zigawe hivi. Dakika 15 za kwanza tembea kwa mwendo wako wa kawaida, hata wa haraka. Mwili wenye wasiwasi una nguvu zisizotulia. Ukiulazimisha kukaa kimya mara moja, mawazo huongezeka. Dakika 20 zinazofuata punguza mwendo hadi nusu, kiasi kwamba mtu anayetembea kawaida atakupita. Kila baada ya hatua mia moja, simama, sikiliza sauti ya mbali kabisa, kisha ya karibu kabisa. Halafu kaa dakika 20 mahali pamoja, umeegemea kitu. Hapo ndipo penye pumzi: vuta hewa kwa puani ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, na fanya hivyo kwa dakika tano tu. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Ukihisi kizunguzungu, acha kuhesabu, pumua kawaida. Dakika 15 zilizobaki za kukaa, tazama tu. Mwisho, dakika 25 za kurudi, bila haraka.

Kabla ya kuingia langoni, fanya jambo ambalo nadhani ndilo lililokosekana safari yako ya kwanza. Kaa kwenye benchi au ukuta, chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika yanayokusumbua ambayo unaweza kuyafanyia kitu wiki hii: kumpigia mwenye nyumba na kupendekeza tarehe, kuulizia kibarua mahali fulani. Upande wa pili andika usiyoyaweza: bei, siasa, maneno ya watu. Kunja karatasi, weka mkobani. Nyumbani, tenga dakika 15 jioni za kuishughulikia, saa ileile kila siku, isiwe karibu na kulala. Wazo likija msituni, una jibu la kweli la kulipatia: "Nimekuandika, tutaonana saa kumi na mbili." Akili huachilia kwa urahisi zaidi jambo ililo na uhakika halitasahauliwa.

Simu iwe mkobani, si mkononi, na sauti imezimwa. Usiizime kabisa, kwa usalama wako. Kupiga picha kumi na tano za ua moja ni njia ya kutoliona; jicho huanza kutafuta picha itakayopendwa na watu. Piga moja ukiwa unatoka. Masikioni usiweke kitu, hata mahubiri mazuri, maana ndege ni sehemu ya dawa. Na rafiki anayependa kuzungumza mwalike siku nyingine. Ukitaka mwenzi kwa ajili ya usalama, na nakushauri uwe naye kwenye msitu mkubwa, kubalianeni mapema kwamba zile dakika 40 za katikati hamtazungumza.

Kula kabla ya kwenda. Njaa na wasiwasi huhisiwa na mwili kwa namna inayofanana sana, na wengi hudhani wamezidiwa na mawazo kumbe hawajanywa chai. Beba maji kwenye chupa ya chuma au ya kudumu, kwa sababu tangu 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga za hifadhi, na utazuiwa langoni. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa. Kima wa City Park wanajua sauti ya karatasi ya biskuti, na wakikuzunguka, utulivu umekwisha.

Mvua za vuli mara nyingi huja alasiri na usiku, kwa hiyo panga kutoka mapema na uwe umeondoka kabla ya saa sita. Radi ikianza, usijikinge chini ya mti mrefu ulio peke yake. Mikaratusi huangusha matawi makubwa bila kutoa ishara, kwa hiyo usikae chini yake. Maua ya mjakaranda yaliyolowa huteleza vibaya kwenye lami na ngazi. Viatu viwe na soli yenye meno. Siafu hutoka kwa misururu wakati wa mvua: tazama chini kabla ya kukaa, na chomeka suruali ndani ya soksi. Na yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, tunayemwita Nairobi fly, akikutua usimponde. Mpulize aondoke. Ukimponda, maji ya mwili wake huunguza ngozi, na kidonda huonekana siku inayofuata au baadaye. Nawa mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usijiguse macho.

Jumapili ikiwa ya mvua tangu asubuhi, usiihesabu kuwa imepotea. Mwaka 1984 ulitoka uchunguzi wa hospitali moja huko Pennsylvania: wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji na kulazwa penye dirisha linalotazama miti walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali, na walitoka hospitali mapema zaidi. Dirisha ni kitu. Fungua kidogo usikie harufu ya udongo mkavu unaopata maji. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutengenezwa na bakteria waishio kwenye udongo, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo sana. Mvua ya kwanza nzito ikipita, tazama kumbikumbi wakitoka ardhini na kuzingira taa. Kila mmoja ana mabawa manne, huyaangusha mwenyewe akitua, kisha dume na jike hutembea wakifuatana kutafuta ufa wa kuanzisha kichuguu. Watoto wako wanaweza kukaa hapo nusu saa bila kuomba simu.

Kuhusu watoto, Jumapili mbili za kwanza waache na mtu ikiwezekana. Ukiwa nao, wewe ni mlinzi, na mlinzi hatulii. Baada ya hapo nenda nao, lakini wape kazi: mmoja akusanye majani ya maumbo matano tofauti kutoka chini, bila kuchuma, mwingine ahesabu aina za sauti. Nyumbani wapandie dania kwenye mkebe mtupu wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa chini. Vunja mbegu katikati kwa kuzibana na chupa, loweka usiku mmoja, funika kwa udongo wa sentimita moja, mwagilia kila udongo wa juu unapokauka. Zitaota ndani ya wiki moja hadi mbili. 

Saa tisa za usiku zina sheria yake. Usishike simu, hata kutazama saa. Rudi kichwani kwenye mti wako kwa mpangilio: mizizi, shina, tawi la kwanza, kibweta, ua. Usijaribu kulala, jaribu kukumbuka. Ukiona zimepita kama dakika ishirini na macho yako wazi, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Kugaagaa kitandani kunaifundisha akili kwamba kitanda ni mahali pa kuwazia. Habari nazo zisome mara moja kwa siku, mchana, kwa dakika zisizozidi 20. Hali ya nchi haitabadilika kwa wewe kuipitia saa nne usiku, lakini usingizi wako utabadilika.

Sasa mipaka. Mti hautalipa kodi, na asiyekula hashibishwi na kivuli. Unachopata ni akili iliyopumzika kidogo, inayoweza kuongea na mwenye nyumba bila kutetemeka. Na kuna hali ambayo hii haitoshi kabisa. Ukiona huzuni imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hamu ya chakula imetoweka, mambo uliyoyapenda hayakugusi tena, au yanakujia mawazo kwamba ni afadhali usiwepo, hapo tafuta mtaalamu wa afya ya akili, usingoje Jumapili. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uzungumze na mshauri. Wengi huogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Kusema hakukuingizi matatani.

Jipe wiki nne. Wiki ya kwanza mawazo huweza hata kuongezeka, kwa kuwa kelele ulizozizoea zimenyamaza na yaliyokuwa chini yanapanda. Hilo ni la kawaida na mara nyingi hupungua. Wiki ya nne ikiisha, fungua daftari uone mambo mawili tu: ni usiku ngapi uliamka na kulala tena, na kama ile karatasi yenye mstari katikati imepungua upande wa kwanza. Kama hakuna kilichosogea, usiongeze muda wala bidii. Badilisha saa ya kwenda kwanza, asubuhi iwe jioni au jioni iwe asubuhi. Isiposaidia, badilisha mti. Na ukikosa siku tatu mfululizo kwa sababu kibarua kimepatikana, nenda kwenye kibarua. Ya nne rudi kwenye mti, andika kilichobadilika ulipokuwa hupo.